Kuondoa mionzi kwenye maziwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila inapotajwa ajali ya kinu cha nyuklia, au mtu anapokuta neno "mionzi" kwenye cheti cha shehena ya maziwa ya unga. Yamepangwa kuanzia ya kawaida hadi ya pembeni. Mwenye haraka aanze na swali la 2, kwa sababu karibu majibu yote mengine yanaliegemea.

## Ya msingi

1. Mionzi huingiaje kwenye maziwa?

Kwa njia ya majani. Kinu kikilipuka au kikiwaka moto, chembe zenye mionzi hupaa, husafiri na upepo, kisha mvua huziteremsha kwenye malisho. Ng'ombe hulisha eneo kubwa kwa siku moja, hivyo hukusanya tumboni kile kilichotapakaa uwanja mzima. Sehemu yake huvuka utumbo, huingia kwenye damu, halafu hutokea kwenye kiwele. Iodini huanza kuonekana kwenye maziwa ndani ya saa chache tangu mnyama ale, na hufika kilele baada ya siku mbili au tatu.

Maziwa yenyewe hayabadiliki. Rangi ni ileile, ladha ni ileile, mafuta na protini viko palepale. Kinachosumbua ni atomu chache ngeni zilizomo ndani yake.

2. Ni mionzi ya aina gani hasa inayotafutwa?

Ziko aina nyingi, lakini kwenye maziwa tatu ndizo zenye uzito.

Iodini-131 hupungua nusu kila baada ya siku 8. Mwili haujui kuitofautisha na iodini ya kwenye chumvi, kwa hiyo huipeleka kwenye tezi ya shingo, ile inayovimba mtu akipata rovu. Ni kali na ina haraka: hufika mapema, huumiza mapema, huondoka mapema.

Sesiamu-137 hupungua nusu kila baada ya miaka 30 hivi. Inafanana na potasiamu, hivyo husambaa mwilini, zaidi kwenye misuli. Mara nyingi huja na sesiamu-134, ambayo nusu yake huisha kwa miaka miwili.

Strontiamu-90 huchukua karibu miaka 29 kupungua nusu. Inafanana na kalsiamu, na mwili huijengea mifupa na meno. Mjini St. Louis, Marekani, kuanzia mwaka 1958 wazazi walikuwa wakipeleka meno ya utotoni ya watoto wao kwa watafiti badala ya kuyatupa. Yalikusanywa kama 300,000, na vipimo vikaonyesha strontiamu ikipanda kadiri majaribio ya mabomu ya nyuklia yalivyozidi angani. Njia yake kubwa kuelekea kwenye meno hayo ilikuwa maziwa.

Kwa hiyo mtu akikuuliza "maziwa yenye mionzi yanasafishwaje?", muulize kwanza: mionzi ya nini? Dawa ya iodini haifai kwa sesiamu, na ya sesiamu haigusi strontiamu.

3. Nikiyachemsha sana je?

Haisaidii. Moto huua vijidudu, na atomu si kijidudu. Ukichemsha, kinachopaa ni maji, na chembe za mionzi hubaki kwenye sufuria. Ukiyachemsha mpaka yakapungua nusu, kila kikombe sasa kina mionzi maradufu ya awali. Kugandisha kwenye friza, kuanika juani na kuweka limau navyo havipunguzi kitu. Limau, hata hivyo, ina habari yake ya kushangaza kwenye swali la 6.

4. Kwa nini maziwa yanaogopwa kuliko vyakula vingine?

Kwa sababu ya kasi na kwa sababu ya mnywaji. Mahindi huvunwa baada ya miezi, yakawekwa ghalani. Maziwa yanaweza kutoka malishoni asubuhi yakawa kwenye kikombe cha mtoto jioni, kabla iodini haijapata nafasi ya kupungua. Na mtoto ana tezi ndogo: kiasi kilekile cha iodini kikiingia kwenye tezi ya gramu chache, dozi inakuwa kubwa mara nyingi kuliko kwa mtu mzima.

Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl ya 26 Aprili 1986, hadi mwaka 2005 zaidi ya watu 6,000 waliokuwa watoto au vijana wakati ule huko Belarus, Ukraine na maeneo ya Urusi yaliyoathirika walikuwa wamepatikana na saratani ya tezi hiyo. Sehemu kubwa inahusishwa na iodini waliyokunywa kwenye maziwa. Wengi wao walitibiwa wakaishi, lakini ni ugonjwa ambao ungeweza kuzuiwa kwa kufungia bomba la maziwa wiki chache.

## Kusafisha maziwa yaliyokwisha kukamuliwa

5. Je, inawezekana kweli kuitoa mionzi kwenye maziwa?

Ndiyo, na si nadharia tu. Iko njia ya kungoja (swali la 7), ya kugawanya maziwa sehemu zake (swali la 8), na ya kuyapitisha kwenye chujio la kikemia (swali la 6). Shida si uwezekano. Shida ni gharama, na ukweli kwamba mara nyingi ni rahisi zaidi kumhangaikia ng'ombe kabla hajakamuliwa. Hilo liko kwenye sehemu ya zizi hapa chini.

6. Chujio hilo la kikemia hufanyaje kazi?

Huitwa kubadilishana ioni, yaani atomu zenye chaji ya umeme. Chukua mtungi uliojaa punje ndogo za resini, aina ya plastiki maalumu. Punje hizo zimeshika kalsiamu, potasiamu, sodiamu na magnesiamu kwa uwiano uleule uliomo kwenye maziwa. Maziwa yakipita, strontiamu hung'ang'ania kwenye punje na kalsiamu safi hutoka kushika nafasi yake. Uwiano huo ndio ujanja wenyewe. Bila hivyo chujio lingenyonya madini yote mema na kukuachia kinywaji ambacho si maziwa tena.

Ila strontiamu haiachii kirahisi. Sehemu kubwa imejifunga pamoja na kalsiamu kwenye kaseini, protini inayoganda wakati wa kutengeneza jibini. Hapo ndipo asidi ya limau inapoingia. Maziwa hutiwa asidi hiyo mpaka pH (kipimo cha ukali wa asidi) ishuke kwenye 5.3 hivi, yakiwa bado ya baridi ili yasikatike. Strontiamu huachia na kuingia kwenye maji, hunaswa na resini, kisha maziwa hurudishiwa hali yake kwa kutiwa alkali na kupashwa moto kama kawaida. Wamarekani waliifanyia kazi njia hii Beltsville, Maryland, halafu wakaijaribu kwa kiwango cha kiwanda mjini Lebanon, jimbo la Missouri, miaka ya 1960. Iliondoa zaidi ya asilimia 90 ya strontiamu. Kwa iodini hutumika resini ya aina nyingine, inayoshika chembe zenye chaji hasi.

Haikuingia kwenye biashara. Mkataba wa mwaka 1963 ulisimamisha majaribio ya mabomu angani kwa mataifa yaliyoutia sahihi, strontiamu kwenye maziwa ikaanza kushuka, na hakukuwa na sababu ya kila kiwanda kubeba gharama hiyo.

7. Kwa nini watu husema "yaweke tu kabatini"?

Kwa iodini-131, ni ushauri mzuri kuliko mashine yoyote. Tuseme maziwa yana bekereli 3,700 kwa lita (bekereli moja ni atomu moja inayovunjika kwa sekunde). Baada ya siku 8 zimebaki 1,850. Baada ya siku 80, yaani nusu mara kumi, zimebaki chini ya 4. Maziwa mabichi hayakai siku 80, lakini yakigeuzwa kuwa unga, jibini la kukomaa au maziwa ya pakiti ya muda mrefu, yanakaa bila taabu. Hutupi hata tone.

Kwa sesiamu na strontiamu usisubiri. Utazeeka.

8. Nikitengeneza siagi, samli, jibini au mtindi, mionzi inakwenda wapi?

Zote tatu, iodini, sesiamu na strontiamu, hazipendi mafuta. Ukisukasuka maziwa ukatoa siagi, siagi hubaki na asilimia chache tu ya kilichokuwemo. Ukiichemsha ikawa samli, maji ya mwisho yakakauka na masimbi yakachujwa, kinachobaki ni kidogo sana. Kwa hiyo samli ndiyo namna ya zamani na ya uhakika ya kuokoa kitu kwenye maziwa yaliyoathirika. Mionzi haikupotea, imehamia kwenye maziwa yaliyotolewa mafuta na kwenye masimbi, na hivyo viwili ndivyo usivyopaswa kumpa mtoto wala ndama.

Jibini linahitaji umakini. Sesiamu na iodini hutoka na yale maji ya kijanikijani yanayobaki maziwa yakiganda. Strontiamu hutegemea uligandishaje. Ukitumia kimeng'enya cha tumbo la ndama, hubaki kwa wingi ndani ya jibini pamoja na kalsiamu. Ukigandisha kwa asidi, kama siki au limau, nyingi hutoka na maji. Sababu ni ileile ya swali la 6.

Mtindi na maziwa mgando hayabadilishi chochote, kwa sababu unakula vyote, maji na mgando. Ukiyachuja kwenye kitambaa hapo ndipo kitu hupungua.

9. Ile habari ya mabehewa ya unga wa Ujerumani ilikuwaje?

Ndiyo kisa bora cha kuonyesha swali la 8 likienda kombo. Mawingu ya Chernobyl yalinyesha Bavaria, viwanda vikatengeneza jibini, jibini likatoka salama. Sesiamu ikabaki kwenye maji ya jibini. Maji hayo yakakaushwa kuwa unga, na kwa kukausha, sesiamu ikakolea. Ukabaki unga wa kiasi cha tani 5,000 ambao hakuna aliyeutaka.

Mapema mwaka 1987 baadhi ya mabehewa yalikutwa Bremen na Cologne. Ikajulikana kwamba ulikuwa mzigo wa kuuzwa nje, Misri ikitajwa. Kelele zikawa kubwa, serikali ikauchukua unga wote na kuuhifadhi kwenye treni chini ya ulinzi. Mwishowe ulisafishwa mjini Lingen kwa njia ya kubadilishana ioni aliyoibuni Franz Roiner: unga ulikorogwa tena kwa maji, ukapitishwa kwenye chujio, sesiamu ikanaswa. Kazi ilikamilika mwaka 1990 na iligharimu makumi ya mamilioni ya marki, kwa bidhaa ambayo kwa kawaida ni chakula cha mifugo. Kisayansi ilifanikiwa. Kibiashara hakuna mtu ambaye angeirudia kwa hiari.

10. Naweza kutengeneza chujio nyumbani kwa mkaa au mchanga?

Hapana. Mkaa hushika baadhi ya iodini kwenye hewa na maji, lakini kwenye maziwa mafuta na protini huuziba mara moja. Na hata ungefaulu kiasi, hungejua umebakiza kiasi gani bila maabara. Kama una shaka ya kweli, usinywe. Tumia maziwa ya unga yaliyotengenezwa kabla ya ajali.

11. Kuchanganya na maziwa safi si kunatatua?

Kunashusha namba kwa lita, hakupunguzi mionzi hata chembe. Ulichofanya ni kuigawia kwa watu wengi zaidi. Kuchanganya makusudi ili tu bidhaa ipite kipimo ni kumdanganya mnywaji.

## Kwenye zizi

12. Hatua ya kwanza kabisa ni ipi?

Mfungie ng'ombe ndani, mpe nyasi kavu au sileji ya kabla ya ajali, na maji yaliyofunikwa. Kama alikuwa ameshakula majani yenye iodini, iodini kwenye maziwa yake huanza kushuka ndani ya siku chache.

Poland ndiyo mfano wa kutazama. Tarehe 29 Aprili 1986, siku tatu baada ya ajali, ilianza kuwapa watoto dawa ya iodini isiyo na mionzi, ili tezi ijae isipokee ile yenye mionzi, kiasi cha watoto milioni 10.5. Ikazuia watoto kunyweshwa maziwa ya ng'ombe waliokula majani mabichi, na wadogo kabisa wakapewa ya unga. Upande wa Kisovieti, kiwango cha kwanza cha iodini kwenye maziwa, bekereli 3,700 kwa lita, kilitoka 6 Mei. Siku kumi, kwa kitu kinachopungua nusu kwa siku nane, ni kuchelewa kupita kiasi.

13. Buluu ya Prusia ni nini, na kweli ng'ombe hulishwa rangi?

Kweli. Ni rangi ya zamani ya wachoraji, na ina tabia ya kuishika sesiamu bila kuiachia. Ng'ombe akiila, hainyonywi na utumbo. Huinasa sesiamu humohumo tumboni na kutoka nayo kwenye kinyesi. Gramu 3 hivi kwa siku zinaweza kushusha sesiamu ya maziwa kwa hadi asilimia 90.

Hutolewa kwa namna tatu: kuchanganywa kwenye chakula cha kukamulia, kutiwa kwenye mawe ya chumvi ya kulamba, au kama vidonge vikubwa vinavyosukumwa kooni na kukaa kwenye tumbo la kwanza miezi miwili hadi mitatu vikiyeyuka taratibu. Wanorwe waliitumia kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo na hata kulungu wa kaskazini. Belarus na Ukraine waliitumia kwenye ng'ombe wa kaya, kwa kuwa vidonge vinamfaa mnyama anayetoka asubuhi na kurudi jioni bila mchungaji. Haisaidii kwa iodini wala strontiamu.

14. Na udongo, chokaa au mbolea?

Udongo wa bentonaiti ukichanganywa kwenye chakula hushika sesiamu, ila unahitajika mwingi zaidi kuliko buluu ya Prusia. Kwa strontiamu, ng'ombe aliyekuwa na upungufu wa kalsiamu husaidiwa kwa kuongezewa. Shambani, mbolea ya potasiamu hufanya majani yachukue sesiamu kidogo, na chokaa hufanya vivyo hivyo kwa strontiamu. Kulima kwa kina na kupanda nyasi upya huzika tabaka la juu.

Aina ya udongo ndiyo huamua. Udongo wa mfinyanzi huifunga sesiamu. Udongo wa mboji wa mabondeni huiachia mwaka baada ya mwaka, na ndiyo maana huko Rivne, kaskazini-magharibi mwa Ukraine, zaidi ya miaka 30 baada ya ajali bado yalipimwa maziwa ya kaya yanayovuka kiwango cha bekereli 100 kwa lita.

15. Maziwa ya mbuzi ni salama zaidi?

Kinyume chake. Kati ya kile anachokula, mbuzi hupitisha kwenye kila lita ya maziwa sehemu kubwa mara kumi au zaidi kuliko ng'ombe, kwa iodini na sesiamu. Yeye hula kidogo, kwa hiyo tofauti kwenye kikombe hupungua, lakini bado maziwa yake huwa juu. Tena mbuzi ni mla kila kitu. Mwaka 1988 Norway ilijaa uyoga, na uyoga hunyonya sesiamu kupita majani. Sesiamu kwenye mbuzi na kondoo ikapanda tena, miaka miwili baada ya ajali.

## Vipimo, viwango na maziwa ya kuagiza

16. Kiasi gani ni halali?

Inategemea nchi na wakati. Mwongozo wa Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) kwa vyakula vya watoto wachanga baada ya ajali ni bekereli 100 kwa kilo kwa iodini-131 au strontiamu-90, na 1,000 kwa sesiamu. Ulaya baada ya Chernobyl iliweka 370 za sesiamu kwa maziwa yanayoingizwa. Japani, tangu Aprili 2012, imeweka 50. Tofauti hizi hazina maana kwamba mmoja anadanganya. Kila mmoja amekadiria upya watu watakunywa kiasi gani na kwa muda gani.

Angalizo kwa wanaosoma vyeti vya unga: mwongozo wa Codex huhesabu chakula kikiwa tayari kuliwa, yaani unga ukishakorogwa. Kilo moja ya unga hutoka kwenye lita nane hivi za maziwa, kwa hiyo namba ya unga mkavu huonekana kubwa.

17. Nani hukagua yanayoingia Afrika Mashariki?

Tanzania ni Tume ya Nguvu za Atomiki. Kenya ni mamlaka ya udhibiti wa nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi ya Bodi ya Kinga ya Mionzi. Uganda lipo Baraza la Nishati ya Atomiki. Kisa cha swali la 9 kinaonyesha kwa nini nchi inayoagiza inapaswa kupima yenyewe, isitegemee karatasi ya muuzaji peke yake.

18. Nimenunua kipimo cha mkononi, kinalia karibu na maziwa ya unga. Niyatupe?

Usiyatupe kwa sababu hiyo. Kipimo hicho hulia hata mezani pasipo na kitu, na maziwa yote duniani yana potasiamu-40 ya asili, bekereli 40 hadi 50 kwa lita, tangu kabla ya kinu cha kwanza kujengwa. Kwa upande mwingine, kimya chake si ushahidi wa usalama: viwango vya swali la 16 ni vidogo mno kwa kifaa cha mkononi. Maabara hutumia mashine inayotambua kila aina kwa nishati yake, na strontiamu-90 hulazimu kutenganishwa kwanza kikemia.

## Ya pembeni

19. Maziwa yaliyopashwa kwenye maikrowevu, au ya ng'ombe aliyepigwa eksirei?

Hayana mionzi yoyote iliyobaki. Eksirei ikizimwa imekwisha, kama taa. Maikrowevu hupasha tu.

20. Je, maziwa yanaweza kuchafuka bila ng'ombe kula kitu kibaya?

Ndiyo, kiwandani. Desemba 2011 huko Japani makopo 400,000 ya maziwa ya watoto yalibadilishwa bure baada ya kukutwa na sesiamu ya hadi bekereli 30.8 kwa kilo. Hewa ya nje iliyotumika kukaushia, mnamo Machi siku za ajali ya Fukushima, ndiyo iliyoshukiwa kuileta. Kiasi kilikuwa chini ya kiwango cha wakati huo, cha 200.

21. Nimeandikiwa iodini ya mionzi kutibu tezi, na ninanyonyesha.

Mwambie daktari kabla ya kumeza dozi. Iodini-131 hupita kwenye maziwa ya mama kwa wingi, na mtoto huyo hapaswi kunyonya tena baada ya matibabu. Kwa kawaida mama huacha kunyonyesha wiki kadhaa kabla, ili matiti yenyewe nayo yasipokee dozi. Vipimo vya picha vinavyotumia teknetiamu, dutu nyingine yenye mionzi, ni hali nyingine kabisa. Huko kusimamisha, kama kupo, ni kwa saa kadhaa tu, na daktari atakupa muda.

22. Maziwa yaliyokataliwa humwagwa wapi?

Hili huwa gumu kuliko watu wanavyodhani. Baada ya moto wa kinu cha Windscale, Uingereza, Oktoba 1957, maziwa ya eneo la kilomita za mraba 500 hivi yalizuiwa kwa wiki kadhaa na kumwagwa, mengi yakiwa yamezimuliwa, yakaishia baharini. Kwa mionzi, iodini hiyo ilijimaliza. Tatizo la maziwa mtoni ni lingine: bakteria wanaoyala humaliza oksijeni ya maji na samaki hufa, yawe na mionzi au yasiwe nayo. Kama ni iodini tu, kuyakausha na kuyaweka (swali la 7) ni bora kuliko kumwaga.

23. Samadi ya ng'ombe aliyelishwa buluu ya Prusia naweza kuitumia?

Sesiamu imo humo, lakini imefungwa kiasi kwamba mimea huichukua kwa shida kuliko ile ya kwenye samadi ya kawaida ya eneo hilohilo. Itie kwenye shamba ambalo tayari limeathirika, si kwenye bustani safi. Resini zilizotumika kiwandani ni jambo jingine: zile hushughulikiwa kama taka za mionzi, na anayezipokea ni mamlaka husika peke yake.